Mwaka Niliokaa Nyumbani na Ba'mdogo Deo

Tulimzika Ba'mdogo Deo Jumamosi, kwenye kibanja chake cha Maruku, nyuma ya nyumba, pale ambapo migomba ilikuwa imekatwa kidogo ili watu wapate pa kusimama. Method, mwanawe wa kwanza, alishika kipaza sauti akasema baba yake alikuwa mtu asiyeogopa kitu. Aliendesha malori ya kahawa miaka yote ile, akapita milima na matope, na hakuna aliyewahi kumwona akitetemeka. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni kabisa mwa turubai, mahali ambapo mtu anaweza kuinuka akatoka bila kumruka mwingine, kama ninavyokaa kila mahali. Sikulia. Mama mmoja wa jirani alinishika bega akaniambia, "Lia, mwanangu, usiweke ndani." Nikamwambia asante waitu, kama Wahaya tunavyomwita mtu kwa heshima, nikaendelea kutazama viatu vya watu. Si kwamba sikumpenda marehemu. Kuna sehemu ndani yangu ilipoa mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na minne, na haijapata joto vizuri tangu hapo. Nimeizoea, kama mtu anavyozoea sikio moja lisilosikia. Nilikuwa nawaza tu kwamba Method, mwaka ule, alikuwa bado anabebwa mgongoni, na kwamba kati ya watu wote waliojaa kibanjani, waliowahi kumwona Ba'mdogo Deo akitetemeka ni wawili: mama yake Method na mimi.

Kwangu ilianzia shule ya bweni, ndani ya bwalo, mchana, tukila makande. Sikuwa nimegombezwa, sikuwa naumwa, hakuna aliyekuwa amekufa nyumbani. Nilikuwa na kijiko mkononi nikimsikiliza mwenzangu akisimulia habari ya viatu vyake vilivyoibwa, mara moyo ukaanza kwenda mbio kana kwamba nimepandisha mlima. Vidole vikaingia ganzi. Midomo ikawa kama ya mtu mwingine. Kifua kikabana, sauti za bwalo zima zikaenda mbali, na nikajua nakufa. Sisemi nilidhani, nilijua, kama mtu anavyojua jina lake. Nilitoka mbio, wakanikuta nimejikunja kando ya tangi la maji. Matroni alinimwagia maji usoni. Baada ya muda ikapita, nikaachwa nimechoka kama mtu aliyelima kutwa. Ikarudi kanisani. Ikarudi mstarini asubuhi, mbele ya shule nzima. Wenzangu wakagawanyika: wengine walisema nina mapepo, wengine walisema najifanya ili nikwepe kazi za shamba la shule. Nikarudishwa nyumbani Kishanda, nikaombewa, kisha nikapelekwa kwa mzee mmoja aliyenichanja kifuani na kupaka unga mweusi. Wembe ulipopita nilikaa kimya nikiutazama. Mama alisema nina ujasiri. Haukuwa ujasiri. Nilikuwa nimeanza kuyaona mambo yanayonipata kama yanampata mtoto wa jirani.

Hospitalini Bukoba walinipima damu na moyo, na muuguzi akamwambia baba, "Huyu hana kitu." Maneno hayo yalimuumiza baba kuliko ugonjwa, maana ugonjwa angeutafutia dawa. Ikaamuliwa nikae mjini, Hamugembe, kwa Ma'mdogo Adelina na mumewe, Ba'mdogo Deo, nisome shule ya kutwa. Asubuhi ya kwanza nilifika getini nikarudi nikikimbia. Baada ya hapo hata getini sikufika. Baba akatuma neno kwamba mwaka ukiisha sijakaa darasani, nitarudi Kishanda nilime, na mdogo wangu atasoma badala yangu. Alisema bila hasira, na mimi nililipokea bila hasira.

Nyumba ile ilikuwa na sebule ndogo yenye sakafu nyekundu iliyong'arishwa, makochi mawili yaliyovikwa vitambaa vya kufuma, redio juu ya kabati, na dirisha lililotazama barabara. Ma'mdogo alikuwa na meza ya vitenge sokoni. Alitoka asubuhi na Method mgongoni, akarudi jua likishuka. Nyumbani tulibaki wawili. Niliambiwa Ba'mdogo yuko likizo, nami sikuuliza ni likizo gani isiyo na mwisho. Alikuwa mtu mkubwa, shingo nene, mikono iliyozoea usukani, na sifa yake kabla sijaja ilikuwa kicheko. Walisema akicheka sokoni unamsikia ukiwa stendi. Mimi sikukisikia. Alikaa kwenye kochi lililo karibu na mlango, mlango ukiwa wazi hata mvua ikinyesha, na mvua ya Bukoba haikosi. Malori yalipopita madereva walipiga honi kumsalimu, naye hakuinua mkono. Wageni walipokuja aliwawekea kahawa ya kutafuna kwenye kisahani, kama ilivyo desturi, lakini yeye mwenyewe hakugusa hata punje moja. Nililiona hilo kwa sababu sikuwa na kazi nyingine ila kuona. Mchana nilimenya ndizi, nikapika na maharage, siku nyingine na dagaa, tukala bila maneno. Alitafuna polepole, kama mtu anayesikiliza kitu kinachoendelea ndani ya mwili wake. Siku hizi nikikumbuka meza ile naona watu wawili waliokuwa na ugonjwa mmoja, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma kwa kitu kingine.

Jumapili moja baada ya misa nilikuwa nimelala chumbani, nao walikuwa sebuleni wakidhani nimesinzia. Ukuta ulikuwa haujafika kwenye bati, kila neno lilisikika.

"Tajiri amempa kijana mwingine gari lako," Ma'mdogo alisema. "Anakungoja mpaka mwisho wa mwaka, basi."

"Nimesikia."

"Na mimi nasikia ya sokoni. Wengine wanasema pombe. Wengine wanasema umerogwa. Niwajibu nini, Baba Method?"

"Wajibu pombe."

"Lakini hunywi!"

"Pombe wanaielewa."

Method alianza kulialia. Kisha Ma'mdogo akasema kwa sauti ya chini, si kwa kumkejeli, "Mwanaume mzima wewe. Unaogopa gari?"

"Siogopi gari, Adelina. Kuogopa nakujua, nimewahi kuogopa. Nikishika usukani nakufa. Ni kitu kingine."

Nililala pale nikitazama bati. Mtu mwingine angeruka kitandani akasema mimi pia, mimi pia. Mimi nilisikia tu kwamba kuna mtu amesema sentensi ambayo nilikuwa sijaipata, kisha nikageukia ukutani.

Siku chache baadaye ikanijia jikoni. Jiko lilikuwa uani, banda la mabati, nami nilikuwa nimekaa kwenye kigoda namenya ndizi. Kisu kikanidondoka. Nikasikia nyayo za Ba'mdogo, nikangoja yanayokuja siku zote: maji ya usoni, kelele, jina la Yesu. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikaa chini, akaegemea ukuta, akanyoosha miguu kama mtu aliyekuja kuota jua.

"Vidole vina ganzi?" akauliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Na midomo?"

Nikatikisa tena.

"Na unaona kama mwili uko pale, wewe uko huku?"

Nikamtazama. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, si matroni, si mzee wa wembe, si muuguzi. Mimi mwenyewe nilikuwa sina maneno yake. "Ba'mdogo," nikasema nikihema, "umejuaje?"

Alitazama mikono yake iliyokuwa mapajani. Ilikuwa inatetemeka, labda kwa kuona yangu ikitetemeka. "Kaa tu," akasema. "Haijawahi kuniua."

Alisema kuniua, hakusema kukuua. Tulikaa hapo mpaka ikapita, akaniokotea kisu, akakipangusa kwenye suruali yake. Kisha akanieleza, akitazama maganda ya ndizi, jinsi alivyokuwa amebeba magunia ya kahawa kutoka Muleba, kwenye mteremko mmoja kabla ya kufika Kemondo, barabara nyeupe, gari zima, na ghafla moyo ukamlipuka. Alisimamisha lori, akashuka, akalala kwenye nyasi akisubiri kufa. Utingo wake alidhani amelewa, na ndivyo alivyowaambia watu. Alijaribu tena safari nyingine mbili, ikamjia zote mbili, mara ya mwisho kabla hata hajatoka yadi. Tangu hapo akawa likizo, na kahawa akaacha kuitafuna kwa kuwa iliuendesha moyo mbio.

Juma lililofuata alivaa koti lake la misa akamwambia Ma'mdogo, "Nampeleka Koku hospitali, arudiwe vipimo." Tulienda kwa miguu. Kwenye korido tulichagua benchi la mwisho karibu na mlango wa kutokea, wote wawili bila kushauriana. Safari hii tulimpata daktari mwanamke, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyechoka lakini hana haraka. Alisoma vipimo vyangu vya zamani, akanisikiliza kifua, akaniuliza maswali mengi, kisha akasema, "Moyo wako mzima. Lakini sitakwambia huna kitu. Unacho. Kinaitwa shambulio la hofu."

"Lakini sikuwa naogopa," nikasema. "Nilikuwa nakula makande."

"Ndivyo kilivyo. Mwili una mlinzi wake. Wako anapiga filimbi na mwizi hayupo. Akipiga, moyo unakwenda mbio ili ukimbie, pumzi zinakuwa za haraka, na pumzi hizo ndizo zinazoleta ganzi ya vidole na midomo. Inatisha, lakini haiui. Inapanda, inafika mwisho wake, inashuka yenyewe, hata usipokimbia. Ukikimbia unapata nafuu, ndiyo, ila mlinzi anaamini pale palikuwa na mwizi kweli, na kesho atapiga filimbi mapema zaidi. Wewe umeanza kwa kukimbia bwalo. Sasa unakimbia geti."

Ba'mdogo alikohoa. "Daktari. Hii ni ya watoto tu? Nauliza kwa sababu huyu atakua."

"Inawapata watoto na watu wazima. Mtoto mdogo hawezi kuieleza. Atakwambia tumbo linauma, atang'ang'ania nguo ya mama yake, atakataa shule, na atachapwa kwa ukaidi. Mtu mzima atasema ni moyo, ni presha, ni uchawi. Wanaume wengine wanafika hapa wameshaanza kunywa ili isije."

"Haya. Tuseme amekua, amekuwa dereva. Wa lori. Utamwambia aache kazi?"

Daktari aliweka kalamu mezani. Alimtazama Ba'mdogo, kisha akanitazama mimi, na mimi nikatazama picha ya mama anayenyonyesha iliyobandikwa ukutani.

"Huyo dereva kwanza nitampima moyo, kama nilivyompima mtoto, tujue hakuna ugonjwa mwingine. Halafu nitamwambia aanze na gari lililozimwa. Apande, akae. Ikija asishuke. Atoe pumzi polepole, inayotoka iwe ndefu kuliko inayoingia, ajiambie hili nalijua, aingoje. Akishazoea, awashe. Kisha aende karibu, kisha mbali. Na ikimkuta barabarani asimame pembeni mpaka ipite. Asiendeshe akiwa ndani yake."

"Na itaisha?"

"Wengine inaisha. Wengine inarudi mara mojamoja, lakini inamkuta mtu anayeijua."

Ba'mdogo akatikisa kichwa kukubali, akashika kofia yake kama anayetaka kuaga. Daktari hakuinuka. "Basi vua koti, baba," akasema. "Tumpime huyo dereva."

Akavua. Mimi sikugeuka kumtazama. Nilisikia tu vifungo.

Hivyo ndivyo tulivyoutumia mwaka uliobaki. Asubuhi Ba'mdogo alinisindikiza shuleni. Mwanzoni tulikuwa tunasimama getini tu, wanafunzi wakitupita wakitushangaa, mimi nikihema, yeye ameweka mikono mfukoni kama mtu anayesubiri gari. Ikija hakunishika wala kunibembeleza. Aliuliza, "Iko wapi sasa?" nami nilimjibu: kifuani, mikononi, inashuka. Tukirudi nyumbani hakunisifu. Baadaye nikavuka geti. Kisha nikakaa benchi lililo chini ya dirisha la darasa, nje, nikisikiliza somo la jiografia kupitia dirishani, mpaka mwalimu akachoka kuniona akaniambia, "Ingia wewe, kaa hapo mlangoni." Nikaingia, nikakaa hapo mlangoni mpaka mwaka ukaisha. Haikuwa furaha. Watu husimulia mambo haya kana kwamba kuna siku mtu anaamka mwepesi. Mimi sikumbuki siku ya namna hiyo. Nakumbuka kuchoka, nakumbuka harufu ya chaki, na nakumbuka kwamba siku moja nilinakili ramani ya mito ya Afrika mpaka mwisho na kugundua kwamba kipindi kimekwisha.

Jumamosi tulikwenda yadi ya tajiri, ambako lori la Ba'mdogo lilikuwa linapumzika mwisho wa juma. Alimwambia mlinzi anakuja kuangalia oili. Tulipanda, yeye kwenye usukani, mimi kando yake, gari limezimwa, na sasa ilikuwa zamu yangu kuuliza. "Iko wapi, Ba'mdogo?" Jasho lilimtoka mpaka kwenye nyusi. "Shingoni," alijibu. "Imefika mikononi." Kwenye kioo nilimwona mlinzi akitutazama na kugeuka. Wiki kadhaa baadaye akawasha injini, akaizima, akawasha tena. Akazunguka yadi. Kisha, baada ya kumwomba kijana aliyepewa gari lile, akapeleka mzigo wa miche ya migomba kutoka Maruku hadi mjini, mimi nikiwa kando, na tuliporudi alikula sahani mbili za ndizi bila kunitazama. Ma'mdogo alituona. Naamini alikuwa ameelewa zaidi ya alivyosema, kwa sababu siku hizo aliacha kuufunga mlango wa sebule jioni hata palipokuwa na baridi, na wageni wakiuliza habari za mumewe alijibu, "Presha, lakini anaendelea vizuri."

Sasa mimi ni mwalimu hapa Muleba, na ni wa jiografia. Kila mwaka anakuja mmoja. Mwaka jana alikuwa msichana wa kidato cha kwanza kutoka Ngenge, aliyekuwa anaumwa tumbo kila Jumatatu. Wenzangu walishaandaa fimbo. Nilimkuta nyuma ya maktaba amejikunja, anahema. Nilikaa chini na gauni langu la kazini, nikanyoosha miguu, nikamuuliza kama vidole vina ganzi. Alinitazama kama nilivyomtazama Ba'mdogo. Walimu wenzangu wanasema nina moyo wa upendo. Sijui. Wakati ule nilipokuwa nimekaa naye sikusikia upendo wala huzuni. Nilijua tu la kufanya, nikalifanya, kisha nikamwambia mama yake ampeleke hospitali, na kwamba asimchape. Pengine ubaridi huu ndio unaoniwezesha kukaa karibu na hofu ya mtoto bila kuitia yangu juu yake. Pengine ni kovu tu. Nimeacha kulichunguza.

Mwaka ule wa Hamugembe ulipoisha nilikuwa nimefanya mtihani wangu wa kidato cha pili, kwenye dawati la mlangoni. Baba alitaka nirudi Kishanda kwa likizo, na tajiri, aliyesikia kwamba Deo anaonekana tena barabarani, alimpa safari ya kwenda kuchukua kahawa upande huohuo. Tukaondoka asubuhi baada ya chai. Utingo hakuwepo, Ba'mdogo alisema atampata mwingine kulekule. Tulipita Kemondo, tukapanda ule mlima ambako yote yalimwanzia. Aliukaribia akiwa amekaza taya, nami nilikuwa tayari kuuliza. Haikuja. Tulifika juu, tukaendelea, akafungua kioo akatema mate nje.

Ikaja baada ya Muleba, kwenye barabara tambarare, migomba pande zote mbili, mbuzi wawili wanakula majani, mahali pasipo na lolote. Niliona mkono wake ukibana usukani. Akapunguza mwendo, akasogea pembeni, akazima injini. Hakushuka.

"Imekuja," akasema.

"Iko wapi?"

"Kote."

Nikakaa. Alitoa pumzi ndefu, ikakatika, akaanza upya. Mwanamke aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani alipita karibu na mlango wangu akatusalimu kwa Kihaya, akauliza kama gari limeharibika. Nikamwitikia, nikamwambia hapana, tunapumzika. Ba'mdogo alifumba macho. Machozi yalimtoka, si ya kulia, yalitoka tu kama jasho. Nilimwona mtu yule mkubwa anapita mahali nilipopajua, na sikuweza kumpitisha haraka zaidi. Nilibaki kando yake. Mbuzi walihamia upande wa pili wa barabara. Kisha akafumbua macho, akatazama mikono yake pande zote mbili, akaipangusa kwenye suruali.

"Hujafa," nikasema.

"Bado," akajibu, na kona ya mdomo wake ikacheza. Akawasha gari.

Kishanda tulikuta mama ameshapakua. Baba alikuwa mkekani, jirani wawili wamekuja kumwona dereva waliyemsikia habari zake, na nilijua wamesikia zipi. Tulinawa, tukakaa. Sahani ya ndizi ilikuwa katikati, samaki kando, na mama akauliza, kama mwenyeji yeyote anavyouliza, "Mbona mmechelewa? Gari limewasumbua?"

Nilimtazama Ba'mdogo. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafungua mdomo kumsaidia.

"Gari zima," akasema. "Mimi ndiye niliyesimama. Nina ugonjwa wa hofu, shemeji, kama huyu mtoto. Ulinikuta njiani, tukaungoja ukapita, tukaja."

Jirani mmoja alitazama mlango. Baba alinitazama mimi kwa muda mrefu, akatazama kifua changu pale palipo na chale, kisha akainamia sahani. Mama alichukua mwiko, akamwongezea Ba'mdogo ndizi, akamsogezea samaki, akasema, "Kula basi, shemeji, bado una safari." Naye akala. Mimi sikuona fahari wala furaha wala aibu. Niliona njaa, njaa ya kweli ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku ile ya bwalo, nikanyoosha mkono nikamega.